Nyasi za Tabata

Picha namba mia mbili na kumi na nne ilikataa kupungua.

Zote zilizotangulia zilikubali. Eufrazia alikuwa akiziingiza kwenye kompyuta moja moja, picha za mji zilizopigwa kutoka kwenye ndege, ili zitengenezwe ramani. Kila moja ikibanwa ilitoka megabaiti arobaini ikabaki nne. Ndiyo maana ya kubana: mashine inatupa vile vitu ambavyo jicho la mtu halitavitafuta. Hii ilitoka arobaini ikawa arobaini na mbili. Akarudia. Arobaini na tano.

"Hiyo mashine imechoka," alisema Nikodemu, bosi wake, macho yakiwa kwenye gazeti.

"Mie ndiye niliyechoka. Mashine ni nzima."

"Basi tafuta kinachoizuia ukitoe. Watu wanaouza viwanja wanataka diski yao Jumatatu, na mkataba wako unaisha Jumatatu hiyohiyo. Sijui tunaelewana, sista."

Walielewana. Wiki tatu alikuwa ndani ya chumba kile cha Kinondoni, juu ya duka la vipuri, jenereta likinguruma kila mgao wa umeme ulipofika zamu yao. Akirudi Tabata anamkuta binti yake Lulu, wa miaka minne, keshalala kwa mama mwenye nyumba. Macho yalimwuma kama yametiwa mchanga.

Akaikata picha nusu mbili, akazibana. Moja ikapungua, nyingine ikagoma. Akaikata iliyogoma. Hivyohivyo mpaka akabakiwa na kipande cha Tegeta kisichozidi kiganja: kichaka, kibanda cha makuti kidogo kama kitanda, na juu ya mti doa jeupe la kitambaa. Eufrazia kazaliwa Masasi. Kibanda cha mzimu anakijua, hata akikiona kwa juu. Alijua, asije akajidai hakujua.

Lakini alitaka kwenda nyumbani. Pembeni alikuwa kafungua picha ya Tabata, ambamo aliwahi kuitafuta nyumba anayopanga, kujifurahisha tu. Nyuma ya nyumba ile palikuwa na uwanja wa nyasi, kijivu kilekile cha picha hizi zisizo na rangi. Akazinakili nyasi zile, akazibandika juu ya kibanda, akalainisha kingo mpaka zikaungana. Akabana picha nzima. Megabaiti nne. Akaandika diski ya watu wa viwanja, akazima mashine.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, hakwenda kazini. Saa sita mchana alikuwa anachambua mchele mlangoni alipomsikia Lulu huko nyuma akiongea.

"Unaongea na nani?"

"Bibi."

"Bibi gani?"

"Huyu. Anauliza mlango wake uko wapi."

Akainuka na ungo mkononi. Uwanjani hapakuwa na mtu zaidi ya mtoto, jua likiwa utosini, kuku wamenyamaza, ila harufu ya udi ilikuwa imesimama pale nzito kama ya chumba cha biharusi ingawa hakuna aliyefukiza, na chini yake harufu nyingine ya makuti mabichi ya mvua wakati mvua haijanyesha tangu mwezi uliopita, halafu akasikia ufagio, shwaa, shwaa, taratibu, kama mtu mzima anafagia kwake, na nyasi zikawa zinalala mstari kwa mstari, zinamzunguka Lulu, duara linapungua, linapungua, mpaka mtoto akakaa chini katikati na kukunja miguu kama mwari, akafumba macho.

Alipombeba alikuwa mzito. Hatua kumi tu, ikabidi amtue amshike upya.

Mama mwenye nyumba, Bi Mwanaasha, mzaliwa wa pwani hii hasa, hakuuliza mengi. Aliweka makaa kwenye chetezo, akatia ubani, akamfunika mtoto kanga.

"Nani wewe?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Kinywa cha Lulu kikajibu kwa sauti ya mwanamke mzee aliyechoka. "Mwenye nyumba. Nyumba yangu imefutwa."

"Na mtoto kakukosea nini?"

"Mama yake kaniwekea nyasi za kwake. Mie nikazifuata. Anirudishie kwangu, nami nitamrudishia."

Bi Mwanaasha akageuka. "Mama Lulu, umefanya nini?"

Eufrazia akamweleza, kwa kunong'ona.

"Sie tukipita pale Tegeta tunabisha hodi," alisema yule mama. "Wewe umepita juu, na mlango ukaubomoa. Haya, nenda kabla jua halijazama."

Nikodemu alikuwepo ofisini. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akichokoa meno.

"Kile kibanda kikionekana, viwanja sita havinunuliki. Ukiigusa ile picha, Jumatatu usije."

"Siji," alisema Eufrazia, akavuta kiti.

Alitoa filamu ya picha ile kabatini, akaiskani upya, akakikata kibanda pamoja na mti na kitambaa chake, akakirudisha palepale, safari hii bila kubana. Akaandika diski mpya, ya zamani akaivunja kwa goti mbele ya bosi. Kisha akaikuza picha mara ya mwisho, kuhakikisha kingo.

Kutoka juu kiasi kile mtu ni nukta tu. Mbele ya kibanda palikuwa na nukta. Akaitazama kwenye filamu yenyewe, kwa kioo cha kukuzia. Nukta ipo. Ilikuwa ndogo kuliko ya mtu mzima, na filamu ile ilipigwa miezi minne iliyopita, na saa moja nyuma, alipokuwa anaiskani, kichaka kile hakikuwa na mtu.

Hakumbuki alivyofika Tabata. Anakumbuka adhana ya magharibi, na Bi Mwanaasha akikung'uta chetezo barazani, uso umemng'aa.

"Katoka, mwanangu. Kaondoka bila ubishi. Mtoto kaamka, kaomba uji, kanywa mwenyewe."

Hakukuwa na udi tena. Lulu alikuwa kitandani, mwepesi, kapoa, vidole vidogo vikimsubiri. Eufrazia akapiga magoti, akaweka kichwa chake kwenye mapaja ya mtoto, maana hakikubali tena kusimama. Mkono mdogo ukaanza kumpapasa nywele, polepole, kwa uzoefu.

"Pole na kazi, mwanangu," alisema Lulu.

Eufrazia alikuwa kachoka kiasi kwamba aliitikia ahsante kabla hajasikia alichoambiwa.