Simu Iliyonyamaza Saa ya Dawa

Kila siku alipotoka shuleni, Chiriku alivua sare, akafua kola ya shati kwa kipande cha sabuni, akaianika, kisha akaketi mezani mkabala na mama yake mdogo. Chiriku halikuwa jina lake. Aliitwa hivyo kwa sababu ya wingi wa maneno, na jina likamganda kiasi kwamba hata mwalimu wake wa darasa alimwita hivyo bila kucheka.

Mezani palikuwa na kompyuta, daftari na simu tatu zilizopangwa kwa umri kama watoto wa nyumba moja: mpya, ya makamo, na kuukuu yenye ufa kwenye kioo. Mama mdogo alikuwa fundi wa programu za simu. Kwa miezi saba sasa alikuwa akitengeneza programu ya kuwakumbusha wagonjwa dawa. Haikupiga kengele tu, ilizungumza. Saa ya dawa ikifika ilisema, "Shikamoo. Ni saa moja asubuhi. Kunywa kidonge kimoja cheupe." Kisha ilisubiri kujibiwa. Mgonjwa akisema, "Nimekunywa," iliandika. Asipojibu, ilirudia baada ya robo saa.

Sauti iliyozungumza ilikuwa ya Chiriku. Aliirekodi akiwa ndani ya kabati la nguo, ili kelele za barabarani zisiingie, huku jasho likimtoka na koti la bibi likimkuna puani.

"Mke mwenzangu," bibi alimtania siku ya kwanza aliposikia simu yake ikimwamkia, "ulinimalizia sukari, ukanimalizia mafuta ya kujipaka, sasa umeingia hadi kwenye simu?"

"Simu nayo nimeipenda, bibi."

"Basi kaa humo humo, nipumzike."

Bibi alikuwa mgonjwa wa presha. Macho yake hayakuweza tena kusoma maandishi ya kwenye chupa, na kumbukumbu nayo ilikuwa imeanza kumponyoka. Zamani Chiriku ndiye aliyemkumbusha dawa asubuhi na jioni. Programu ilipokuwa tayari kwa majaribio, kazi hiyo iliachiwa simu.

Lakini kabla ya hapo, Chiriku alikuwa amepewa kazi nyingine. Mama mdogo alichora jedwali kwenye karatasi na kumweleza taratibu.

"Siku ya kwanza utaitegea simu mpya muda wa dawa, ya pili ile ya makamo, na siku zilizobaki hii kuukuu. Uichomoe kwenye chaji, uiweke hapa, usiiguse saa nzima. Ikizungumza kwa wakati, weka alama ya vema. Isipozungumza, weka alama ya kosa."

"Saa nzima, mama mdogo? Si nikiitegea dakika moja nitaisikia vilevile?"

"Hapana. Bibi hakai na simu mkononi. Anaiweka anaisahau. Sisi tunataka kujua ikisahauliwa itakuwaje."

Siku mbili za mwanzo Chiriku alifanya kama alivyoelekezwa, na simu mpya na ile ya makamo zikazungumza vizuri. Zamu ya simu kuukuu ilipofika siku ya tatu, wenzake walikuwa uani wakiruka kamba. Alisikia wakihesabu, thelathini na moja, thelathini na mbili, na miguu ikamwasha. Akaitegea dakika moja, akakaa nayo mkononi huku kioo kikiwaka. Ikasema, "Shikamoo." Akaweka alama ya vema, akakimbia nje.

Siku zilizofuata hakuitegea hata hiyo dakika. Ijumaa alijaza mistari yote iliyobaki kwa mkupuo. Ili isionekane kwamba ni kazi ya siku moja, alibadilisha kalamu: Jumatatu ya buluu, Jumanne nyeusi, Jumatano ya buluu iliyokaribia kuisha wino. Mama mdogo aliipokea karatasi, akaisoma mstari kwa mstari.

"Umenisaidia sana, mwanangu," alisema, akaibandika ukutani.

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Siku hiyo maneno yalimpungukia.

Duka la programu, yaani mahali pa kwenye simu ambapo watu huchukulia programu, lina masharti yake. Mara ya kwanza liliikataa programu ya mama mdogo kwa kuwa iliomba kusikiliza sauti ya mtu bila kueleza sababu. Mama mdogo hakununa. "Wana haki. Hata mimi mgeni akitaka kusikiliza nyumbani kwangu nitamuuliza kwa nini," alisema, akaongeza maelezo. Safari ya pili duka likamruhusu aijaribu kwa watu kumi na wawili kwa siku kumi na nne, kabla ya kufunguliwa kwa watu wote. Bibi alikuwa wa kwanza. Mzee mmoja fundi saa, naye mgonjwa wa presha, alikuwa wa pili.

Wiki ya kwanza ilipita salama. Simu ya bibi ilikuwa na betri bovu, kwa hiyo ilishinda kwenye chaji, na kila ilipofika saa moja ilimwamkia. Wiki ya pili mama mdogo akaipeleka kwa fundi simu abadilishe betri. Tangu hapo simu ikashinda juu ya kabati dogo la kitandani, bila waya.

Ijumaa Chiriku alirudi kutoka shuleni, akamkuta bibi ameshika ukuta wa ukumbini kwa mikono miwili.

"Bibi! Una nini?"

"Nyumba inazunguka, mjukuu wangu. Niishikie."

Walimpeleka zahanati. Muuguzi alimfunga kipimo cha presha mkononi, akasoma, akafunga tena na kusoma mara ya pili. Kisha akamlaza kitandani.

"Bibi, dawa unakunywa?"

"Nakunywa nikiambiwa."

"Mara ya mwisho uliambiwa lini?"

Bibi alifikiri. "Juzi. Au siku iliyotangulia. Yule mtoto wa kwenye simu alinyamaza, nikajua daktari amenipunguzia."

Muuguzi alimgeukia mama mdogo. "Atalala hapa siku mbili tumwangalie. Nashukuru mmekuja. Mngemwacha hadi kesho, sijui ningewaambia nini." Alisema polepole, bila ukali, na ndiyo sababu maneno yakachoma zaidi.

Mama mdogo aliketi kwenye benchi la zahanati, akampigia simu kila aliyekuwa akiijaribu programu. Aliwaambia wote, "Msiitegemee. Kunyweni dawa kwa saa ya ukutani mpaka nitakapowaambia." Mzee fundi saa alimjibu, "Yangu imenyamaza tangu jana, binti yangu. Nilidhani nimeizima mwenyewe. Bahati nzuri mama wa watoto huwa hasahau."

Walirudi nyumbani wawili. Kesho yake, Jumamosi, tangu alfajiri mama mdogo alikuwa mbele ya kompyuta. Chai yake ilifunga utando, akaisukuma pembeni.

"Labda ni saa," alijisemea. "Simu inasema nane, sisi tunasema mbili. Labda nimekosea kuhesabu." Akapitia hesabu zote za saa. Hazikuwa na kosa. "Labda ni faili za sauti." Akazisikiliza mia moja na arobaini, moja baada ya nyingine, na kila mara ilikuwa sauti ya Chiriku ikisema shikamoo, shikamoo, shikamoo. Zote zilikuwa nzima.

Akainua macho kuitazama karatasi ya ukutani. "Ingekuwa simu inailaza programu ikiachwa muda mrefu, ningeelewa. Lakini hilo tumelihakikisha. Simu kuukuu, saa nzima: vema, vema, vema. Basi sipotezi muda huko."

Chiriku alikuwa akimenya viazi. Kisu kilisimama mkononi mwake. Alitaka kusema ukweli, lakini aliogopa. Je, atafukuzwa mezani pale? Bibi atamtazamaje? Akajiambia kwamba mama mdogo ni hodari, ataliona kosa mwenyewe. Jioni ikafika, mama mdogo hajaliona. Macho yake yalikuwa mekundu, na alianza upya kuzihesabu zile saa alizokwisha kuzihesabu.

"Nikishindwa mpaka kesho, naitoa," alisema. "Heri wagonjwa wasiwe nayo kabisa kuliko kuwa nayo ikanyamaza."

Jumapili asubuhi Chiriku alipiga moyo konde. Alisimama mbele ya meza, mikono nyuma.

"Mama mdogo."

"Naam."

"Zile alama si za kweli."

"Alama zipi?"

"Za simu kuukuu. Nilikaa nayo dakika moja, ikiwa inawaka. Siku nyingine sikuigusa kabisa. Nilibadilisha kalamu ili usijue."

Mama mdogo aliisukuma kompyuta pembeni. Kisha akainuka, akatoka hadi kibarazani, akasimama huko ameipa nyumba mgongo. Chiriku hakuthubutu kumfuata. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Tangu jana natafuta sindano kwenye chumba ambacho haikuangukia. Ulijua, ukanitazama nikiinama."

"Nisamehe, mama mdogo."

"Hayo tutayazungumza. Kwanza lete simu kuukuu. Ichomoe kwenye chaji. Iweke hapo."

Waliitegea, wakaiweka mezani, wakakaa. Hakuna aliyewasha redio wala kuongea. Chiriku aliutazama mshale wa saa ya ukutani ukisogea. Saa nne kamili ikafika. Simu ilikuwa kimya. Ikapita dakika tano, kumi, kumi na tano. Kimya. Mama mdogo akanyoosha kidole, akagusa kioo kikawaka, na papo hapo simu ikapaza sauti: "Shikamoo. Ni saa nne asubuhi. Kunywa kidonge kimoja cheupe."

Chiriku alisikia sauti yake mwenyewe ikiamkia kwa furaha, robo saa baada ya wakati. Akainamisha kichwa, akalia.

"Ndiyo hiyo," alisema mama mdogo. "Simu ikiachwa bila chaji hujilaza ili kutunza umeme, na programu yangu inalala nayo. Ya bibi ilikuwa kwenye chaji, haikulala. Tulipombadilishia betri, tukamwachia mtu aliyelala amwamshe." Alivuta kompyuta karibu. "Futa machozi. Dawa yake ipo. Tutaiomba simu iiamshe programu kama inavyoamsha kengele."

Mchana huohuo walimchukua bibi zahanati, presha ikiwa imeshuka. Nyumbani Chiriku alipiga magoti kando ya kitanda, akamweleza yote, hata habari za kalamu. Bibi hakumtania.

"Nimekusikia," alisema. "Nitakusamehe, lakini usiniharakishe. Kwanza nipe maji ya dawa."

Kurekebisha kulichukua siku tatu. Kisha mama mdogo akachora jedwali jipya, akampa Chiriku na kalamu moja.

"Bado unaniamini?" Chiriku aliuliza kwa mshangao.

"Sijui. Jedwali hili litanijibu."

Kwa siku kumi na nne Chiriku alikaa na simu zile. Wenzake walimwita dirishani, "Chiriku, siku hizi umeolewa na simu?" Akawajibu, "Ndiyo, na mume mwenyewe hataki niinuke!" Wakacheka, wakaenda zao. Siku ya nne simu ya makamo ilizungumza ikiwa imechelewa dakika sita. Chiriku aliishika kalamu. Dakika sita si nyingi, na mama mdogo alikuwa amechoka. Ingetosha alama moja ndogo ya vema, na mama mdogo angelala mapema. Aliandika alama ya kosa, na pembeni yake: "Imechelewa dakika sita." Kisha akampelekea.

Mama mdogo alisoma, akashusha pumzi. "Hili sikulijua," alisema. Akavuta kiti, akaanza kulitafuta kosa, na safari hii alilipata kabla chai haijapoa.

Duka la programu lilikataa tena. Liliuliza: kwa nini programu hii inataka kuamsha simu iliyolala? Walirekodi video ya simu kuukuu ikiwa peke yake mezani saa nzima, kisha ikizungumza kwa wakati. Mama mdogo akaandika maelezo mafupi, akaambatanisha majedwali yote, pamoja na lile lenye alama ya kosa. Siku ya tano jibu likaja: programu imekubaliwa.

Hakuna aliyeruka kwa shangwe. Mama mdogo alilisoma jibu mara mbili, kisha akamwita Chiriku aketi karibu naye. Bibi naye alikuwepo, kwenye kiti chake.

"Sikiliza, mwanangu," alisema mama mdogo. "Nilikuwa na hasira nawe, na hasira ile ilikuwa ya haki. Lakini nami nina fungu langu. Nilimkabidhi bibi kwa simu kabla sijahakikisha kwa mkono wangu. Nimejifunza. Nawe jifunze hili. Alama ya kosa inauma, lakini inatuonyesha pa kushika. Alama ya vema ya uongo inatufunga macho, na anayeumia si wewe uliyeiandika. Ni mtu aliyelala kitandani, anangoja kuambiwa anywe dawa. Kazi ndogo ukiifanya kwa uaminifu, kuna mtu usiyemjua atakayeamka salama kwa ajili yake."

"Nimeelewa, mama mdogo," alisema Chiriku.

Bibi aliunyoosha mkono wake, akapapasa hadi akaupata wa mjukuu wake, akaushika, wala hakuuachia upesi.