Bibi Alisema Nzuri

Kila asubuhi kabla ya shule, Rut alimsaidia bibi yake, Hosiana, kukanda udongo wa vyungu kijijini Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Bibi aliomba kwanza, ndipo akagusa udongo. Siku hizi aliomba akiwa ameshika kifua.

Yeye na majirani walikuwa wakifanyiwa majaribio ya dawa mpya ya kuzuia malaria. Daktari Lameck alikuja kwa boti kuwapima moyo. Bibi alijua Kikisi, lugha ya kwao, kuliko Kiswahili, hivyo Rut alimtafsiria.

"Shikamoo bibi. Habari za moyo?"

Bibi aliitikia marahaba, akasema nzuri, kama sote tunavyojibu salamu. Kisha akaendelea kwa Kikisi: akimeza vidonge, ifikapo mchana moyo humwenda mbio hadi aone giza. Rut alimtazama shangazi yake, Anyes, mlangoni. Shangazi alikwisha kumwonya kwamba akilisema hilo, dawa itaondolewa.

"Amesema nzuri," Rut alimwambia daktari.

Mchana ule bibi alianguka juu ya vyungu vibichi. Rut alikimbia hadi zahanati, akamweleza daktari yote.

"Umetuponza," shangazi alimwambia. "Jirani yetu Atupele amezika mtoto kwa malaria. Nenda wewe ukamwambie dawa inaondoka."

Jioni Rut alimpelekea Atupele ndoo ya maji kama kawaida. Atupele aliyamwaga mbele yake. Wanawake wengine walimpa mgongo.

Daktari alimsimamishia bibi dawa. Wengine akawapima mchana, baada ya kumeza, si asubuhi tena. Hakuuliza habari za moyo. Aliuliza, "Ukishameza, nini kinakusumbua?" Wawili wakashika kifua. Mmoja alikuwa Atupele.

Kipimo cha dawa kikapunguzwa, na mioyo ikatulia. Dawa haikuondolewa.

"Tunalinganisha moyo wa kila mmoja kabla na baada ya kumeza," daktari aliwaambia, "tena tunawalinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Wastani wenu ulikuwa mzuri. Lakini hakuna anayeishi kwa moyo wa wastani. Mkificha maumivu, hesabu itadanganya, na watoto wa vijiji vingine watameza uongo wetu."

Shangazi aliinama. Kesho yake Atupele aliacha ndoo tupu mlangoni kwa akina Rut, akaondoka bila salamu. Rut aliichukua kwenda kuijaza.

Bibi alimwita kwanza. "Mjukuu wangu, kuitikia salamu ni heshima," alisema. "Kuishia kwenye salamu ndiko kulikotaka kuniua."