Bega la Ntirenganya

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, naenda kuchota maji kwenye robine, bomba la mtaa, mara mbili. Tunakaa Majengo, mjini Goma, ambako ukitembea unatembea juu ya mawe meusi ya volkeno, na kandambili mpya haimalizi miezi mitatu. Nikirudi na bidoni, dumu la maji, mgongoni namkuta nyogokuru, yaani bibi yangu Mukamugema, ameketi mlangoni akimenya viazi. Anamenya huku anaimba. Ni wimbo uleule kila siku, wa Kinyarwanda cha zamani, wa polepole, na mguu wake unagonga chini kama wa mtu anayepanda mlima. Mimi niliudhani wimbo wa viazi. Sikuwahi kuyasikiliza maneno yake.

Jina langu ni Igiraneza, nina miaka kumi na miwili, niko darasa la sita. Ninayosimulia hapa hayanipambi. Nayasimulia kwa sababu bado nina hasira, nyingine juu ya watu waliokufa zamani, nyingine juu yangu mwenyewe.

Yalianza siku ya Jumatatu. Mwalimu wetu, Buhendwa, mtu wa upande wa Bukavu mwenye sauti kubwa na vidole vyeupe vya chaki, alituambia kila mmoja aandike maisha ya mzee wa jamaa yake wakati wa Wabelgiji. Jumamosi tungesoma mbele ya wazee wetu katika ukumbi wa parokia, kisha kurasa zote zingeshonwa ziwe kitabu cha shule.

"Kitabu tulicho nacho kina mistari mitatu tu," alisema, akaisoma. Wakoloni walileta barabara. Walileta shule na dawa. Wenyeji walipokea kazi kwa moyo.

Akakifunga kwa kishindo. "Kwa moyo! Bon. Muende muulize wazee."

Nilikuwa nimeisoma mistari ile mara nyingi, na siku moja nilipata alama kumi kwa kumi kwa kuikariri. Sikuwahi kuuliza barabara hizo zilichimbwa na mikono ya nani.

Wakati wa mapumziko Bibiche, msichana ninayekaa naye dawati moja, alijitapa mbele ya wote. "Mimi najua yangu tayari. Babu yangu ni Muzee Bashige, na baba yake alikuwa karani. Alikuwa na baiskeli, na viatu, na saa ya mukono. Bazungu walikuwa wanamuita Monsieur." Akatazama kandambili zangu zilizofungwa kwa waya. "Na wa kwenu, Igiraneza? Labda alikuwa anabeba bidoni sawa weye."

Wakacheka wote. "Utaona Jumamosi," nilimjibu, na mwenyewe sikujua ataona nini.

Jioni nilikaa na nyogokuru tukichambua maharage, nikamuuliza.

"Baba yangu aliitwa Ntirenganya," alianza. "Alikuwa mutu wa kipoyi. Unajua kipoyi?"

Sikujua. Akanieleza kwamba ni kiti kilichofungwa juu ya miti miwili mirefu. Mzungu anakaa, wanaume wanne wanambeba mabegani, wanapanda naye na kushuka naye vilima vyote vya Kibumba, alikozaliwa nyogokuru. Kwenye bega la baba yake paliota nundu ngumu, kubwa kama kiazi. Nyogokuru alipokuwa mdogo alikuwa akiishikashika, akidhani kila mtu mzima anayo.

"Kwani huyo mzungu hakuwa na miguu?"

"Alikuwa nayo miwili, mizima kabisa. Siku ya karamu alikuwa anacheza nayo."

Mzungu huyo alikuwa na shamba la pareto, maua meupe ya kutengenezea dawa ya wadudu. Shamba lenyewe lilikuwa udongo wa wazee wetu. Hakuununua wala hakuuomba. Alikuja na watu wa kupima, wakapigilia vijiti chini, na kuanzia siku hiyo Ntirenganya akawa anachuma maua ya mtu mwingine mahali ambapo mama yake alilima maharage. Asubuhi anambeba bwana, mchana anachuma.

"Nilikuwa na miaka nane," nyogokuru aliendelea. "Mama alishikwa na uchungu wa kuzaa siku mbili nzima, mutoto anakataa kutoka. Ngobyi yetu, ile machela ya kusuka tunabebea wagonjwa, ilikuwa imeenda na mugonjwa mwingine mpaka Rutshuru. Baba akaangalia huku, akaangalia huku. Akaingia kwenye banda la bwana, akachukua kipoyi. Yeye na wenzake watatu wakamuweka mama ndani, mvua inapiga, wakamushusha mpaka kwa muganga, upande wa Kibati. Mama akapona. Mudogo wangu akazaliwa."

"Na mzungu?"

Mikono yake iliacha maharage. Kesho yake, alisema, wafanyakazi wote waliitwa uwanjani, pamoja na wake zao na watoto. Ntirenganya alilazwa kifudifudi, akapigwa fimbo ya ngozi ya kiboko mara kumi na mbili, kwa sababu mwanamke mweusi alikuwa amekalia kiti cha bwana. Alipoinuka akapewa ndoo na sabuni. Alikiosha kiti kile mara tatu, damu ikimshuka miguuni, na bwana amesimama pale akikagua kama kimetakata.

"Walikuwa wanamuondoa mama yangu kwenye kile kiti kwa sabuni," nyogokuru alisema. "Kama yeye ni uchafu."

Yeye akayarudia maharage yake. "Andika yote, mutoto wangu. Usiache kitu. Na jina lake uliandike kubwa."

Nilichukua karatasi, nikaanza vizuri. Lakini nilipofika kwenye fimbo nikasikia kicheko cha Bibiche. Nikaliona darasa zima likimtazama mzee wangu amelala kifudifudi, na nikaona haya. Nasema wazi, ingawa inaniuma: sikumwonea haya yule aliyepiga, nilimwonea haya aliyepigwa. Nikaichana karatasi. Kwenye karatasi mpya Ntirenganya akawa karani. Nikampa baiskeli, nikampa viatu, nikampa na miwani ili amshinde wa Bibiche. Na mama yake nyogokuru alipougua, bwana mwema akampeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe.

"Umeandika sawa nilivyosema?" nyogokuru aliniuliza asubuhi. Yeye hajui kusoma.

"Ndiyo, nyogokuru."

Mwalimu alisifu mwandiko wangu, akasema nitasoma mara tu baada ya Bibiche.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wazee waliketi kwenye mabenchi ya mbele. Nyogokuru alikuwa amevaa kitenge chake cha Noeli, na kando yake aliketi Muzee Bashige, babu yake Bibiche, ameegemeza mikono juu ya bakora yake. Bibiche akasoma kuhusu karani, baiskeli na saa, watu wakapiga makofi. Niliona kwamba Muzee Bashige hakupiga. Alikuwa anatazama sakafu.

Nikasimama mimi. Nilipofika kwenye baiskeli nikasikia benchi likilia. Nilipofika kwa bwana mwema na gari lake, nyogokuru alikuwa amesimama.

"Ngoja," alisema. "Huyo karani simujui. Ni nani?"

"Ni... ni baba yako, nyogokuru."

"Hapana. Baba yangu hakuwa na baiskeli. Baba yangu alikuwa na bega." Akagusa bega lake. "Nilikupatia baba yangu mikononi, Igiraneza. Umemupeleka wapi?"

Bibiche akacheka. Mwalimu akamnyamazisha kwa jicho, kisha akanigeukia. "Igiraneza, hii uliyosoma ni kweli, ao ni bongo?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa ukurasa mmoja. "Ni bongo, Mwalimu, ni uongo," nilisema. Nilitamani sakafu ifunguke. Lakini nyogokuru alikuwa bado amesimama, mwanamke wa zaidi ya miaka themanini katika kitenge chake cha Noeli, akinisubiri. Nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni, nikaanza upya bila karatasi. Nikataja kipoyi na nundu ya begani. Nikataja udongo na vijiti, uchungu wa kuzaa na mvua. Kwenye fimbo nilisema polepole, lakini nilipofika kwenye sabuni sauti yangu ilikuwa kubwa. Haukuwa woga tena. Ilikuwa hasira, na mara hii ilikuwa imefika mahali pake, juu ya yule mtu aliyesimama akikagua kama kiti kimetakata baada ya mama mzazi kukikalia.

Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja nyuma alikuwa analia. Ndipo Muzee Bashige akainuka, taratibu, kwa msaada wa bakora.

"Bibiche, mujukuu wangu," alisema, "mimi nilikuambia baiskeli. Sikukuambia kazi. Kule kwetu, kwenye shamba la kinini, ile miti ya dawa ya malaria, baba yangu ndiye alikuwa anahesabu fimbo. Kwa sauti, batu wote wasikie. Moja, mbili, tatu. Akikosea, analala chini yeye. Na wale waliopigwa walikuwa majirani zake na shemeji zake. Baiskeli alipewa juu ya hiyo kazi. Mpaka anakufa, hakupenda kuhesabu kitu, hata kuku zake."

Akamgeukia nyogokuru. "Mama, hata zile kumi na mbili za baba yako, kuna mutu mweusi alizihesabu. Nakuomba musamaha kwa jina lake."

Nilidhani nyogokuru atakataa, na kama angekataa ningemwelewa. Lakini alimpa mkono, mikono miwili, kama tunavyowapa wakubwa. "Na baba yako walimubebesha," alisema. "Yeye walimubebesha hesabu."

Bibiche hakucheka tena. Alikunja karatasi yake, akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nina kalamu.

Nyogokuru hakuketi. Alisema kwamba maadamu tumesikia fimbo, tusikie na wimbo, maana baba yake hakuwa mtu wa kupigwa tu. Akaanza kuimba, na mguu wake ukagonga sakafu ya parokia. Ulikuwa wimbo wangu wa viazi! Akatutafsiria maneno, mstari kwa mstari:

"Muzigo gani huu unakula?
Muzigo gani huu unakoroma?
Uko na miguu mbili,
unaogopa njia!"

"Wabebaji wanne walikuwa wanamuimbia bwana huu wimbo, na yeye iko juu amekaa," alisema. "Hakusikia Kinyarwanda. Alifikiri wanamusifu, anapiga makofi!"

Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko. Wazee wawili kutoka Kibumba waliukumbuka wimbo huo, wakaupokea, na baada ya muda tukawa tunaimba sote, hata Mwalimu Buhendwa ambaye Kinyarwanda chake ni cha kuokotaokota. Wimbo ulipokwisha, Mwalimu alifuta macho kwa mkono wake wa chaki akabaki na paji jeupe. Akasema kwamba yeye pia ameifundisha ile mistari mitatu kwa miaka kumi na moja, akijua kwamba haitoshi, na kwamba hiyo ni bongo ya mtu mzima, mbaya kuliko yangu. Kuanzia Jumatatu darasa lingesoma kitabu chetu, na ile mistari mitatu ingebandikwa ukurasa wa mwisho, ili kila mtoto ajue ilivyokuwa midogo.

Siku hiyohiyo jioni niliandika upya. Nilimsomea nyogokuru kila sentensi naye akanisahihisha. Sabuni ilikuwa nyeusi, nisisahau. Mvua ilikuwa ya mwezi wa nne. Wenzake watatu nao walikuwa na majina, kwa nini wakose kuandikwa? Nikayaandika. Nilipomaliza alitaka nimwonyeshe jina la baba yake liko wapi. Nikakiweka kidole chake juu ya herufi kubwa, naye akakiacha pale.

"Uliona haya," alisema.

"Ndiyo, nyogokuru. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini uniambie. Hiyo haya ni ya nani? Ni ya mwenye kupigwa, ao ni ya mwenye kushika fimbo?"

"Ni ya mwenye kushika fimbo."

"Basi umuachie haya yake. Ukificha fimbo yake unamubebea." Akakiondoa kidole kwenye karatasi, akakiweka juu ya bega langu, pale kamba ya bidoni inapokaa. "Baba yangu alishamubeba yule mutu. Imetosha."