Namba Tisa Mlangoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidoti alichota ndoo mbili kwenye kisima cha nyuma ya nyumba. Aliingia ndani akiwa ameinamisha macho, asiione namba tisa mlangoni. Watafiti waliiandika kwa rangi nyekundu mwaka juzi, walipochukua maji ya kisima kwenye chupa.

"Msiifute mpaka tuwaletee majibu," walisema.

Mama alipoupaka mlango rangi upya, aliizunguka namba ile. Watafiti hawakurudi. Miezi mitatu baada ya maji kuchukuliwa, mdogo wake Kidoti aliharisha siku nne, akafariki. Tangu hapo, Kidoti alihisi namba inamtazama.

Sasa mtoto wa jirani alianza kuharisha.

"Mama, twende tukawaulize wale watafiti."

"Watatuona sisi nani, mwanangu?"

"Wenye maji."

Mama aliomba kimya kimya, kisha akachukua mtandio wake.

Ofisini walimkuta mtafiti yule yule. Kidoti alimwamkia, naye akaitikia huku akitazama saa.

"Ripoti ilishakwenda kwa wafadhili, mama."

"Na sisi je?" Kidoti aliuliza. "Maji mlichukua kwetu."

Mtafiti alishusha faili, kidole chake kikateremka hadi mstari wa tisa.

"Yana vijidudu vya chooni," alisema polepole. "Tulijua wiki mbili baada ya kuyachukua."

Kidoti alianza kuhesabu miezi kwa vidole. Mama alikuwa ameshahesabu.

"Mwanangu alikuwa hai," alisema.

"Sina la kujitetea, mama."

Mchana huo huo mtafiti alikuja mtaani na faili lake.

"Kumbe njia ya huku unaijua," jirani alimchoma.

Mtafiti alisoma majibu ya kila kisima mbele ya wenyewe. Visima vitatu vilifungwa, na watu wakaelezwa namna ya kuchemsha maji. Mtoto wa jirani alipelekwa zahanati, akapona.

Jioni mtafiti aliomba kitambaa na mafuta ya taa. Alisugua mlango mpaka jasho likamtoka, lakini alama ya tisa ilibaki.

"Iache," Mama alisema. Akamgeukia Kidoti. "Wewe unasoma, siku moja utashika faili kama lile. Ukichukua kitu kwa watu ili upate kujua jambo, rudi uwaambie ulichojua. Usingoje waje kukuuliza. Wengine hawatakuwepo."