Kidole Chenye Hina

Jumatatu, saa nne asubuhi, katika mtaa wa Buyenzi, Sijaona, mwosha maiti, alifunua mkono wa marehemu Mama Rachidi ili amwoshe. Pete ya dhahabu ambayo mama huyo alikuwa haivui haikuwapo.

Baada ya mazishi, familia ilikuwa imeulizia pete na imeshampata mwizi.

"Ni Dorothée," alisema Rachidi, mtoto wa marehemu, simu mkononi, tayari kuita polisi. "Hakuna shaka."

Mizigo ya Dorothée, mfanyakazi wa nyumbani kutoka Uvira, Kongo, ilishatupwa mlangoni.

Sijaona alilijua neno hilo, shaka. Tangu azikwe mumewe, majirani humwambia bila shaka watapita kumsalimu, na chai yake anainywa peke yake. Watu hulisema haraka, kabla ya kufikiri. Yeye alifundishwa kuiheshimu shaka: ukisahau kama umeswali rakaa tatu au nne, unashika zile za hakika, unaongeza moja.

"Ngoja kidogo, baba," alisema. "Dorothée, ulianza kazi hapa lini?"

"Jana, mama, kisha ya misa. Pete mi sikuiona. Lakini nani ataamini mutu wa Kongo?"

"Hina nani alimpaka marehemu?"

"Mi," alijibu Yasmina, mke wa Rachidi. "Juzi, kwa ajili ya Idi. Pete nilimuachia kidoleni."

Mwosha maiti hasimulii alichokiona. Sijaona alimwita Yasmina chumbani, akafunga mlango.

"Binti yangu, ungepaka hina pete ikiwa kidoleni, ngozi ya chini ingebaki bila rangi. Kidole kile nimekiosha. Kilikuwa chekundu chote, mpaka kwenye shina. Basi pete ilishatoka juzi, kabla Dorothée hajafika."

Yasmina alikaa kitandani. Polepole akafungua fundo la kitenge chake. Pete ilikuwa humo.

"Miaka mitatu nilimulisha, nilimugeuza kitandani. Pete akaahidi kumupa Assia, binti yake, yenye hata simu hapigi."

"Uchungu wako nauona. Lakini mwenzio anafukuzwa kwa jina la mwizi. Utasema mwenyewe, ao niseme mi, nivunje amana ya maiti?"

Yasmina alitoka. "Rachidi," alisema mbele ya wote, "ni mi."

Rachidi aliweka simu mfukoni, akaokota mizigo ya Dorothée airudishe ndani. Dorothée akamnyang'anya.

"Nibaki na watu wenye waliniita mwizi bila hata shaka kidogo? Apana."

Sijaona alimshikia mfuko mmoja hadi kwenye mabasi ya Gatumba, njia ya kurudi Uvira. Basi lilipoondoka, alirudi nyumbani kwa miguu.