Kungu Anakuja

Sogea karibu. Hadithi hii inasomwa kwa sauti ndogo.

Sekela alikuwa ndani ya meli na Bibi yake. Meli ilikuwa ndogo. Ziwa Nyasa lilikuwa kubwa. Chwa, chwa, yalisema maji.

Sekela akisinzia, Bibi humwimbia. Haimbi maneno. Hufunga mdomo tu, na wimbo hutokea puani.

Mmm, mmm, mmmmm.

Na Sekela huitika: Mmm, mmm, mmmmm.

Mchana, meli ilifika kwenye mji mdogo wenye bandari ndogo. Mji uliitwa Nsole. Puuuuu! Meli ikapiga honi.

Hakuna aliyekuja. Hakuja mchukuzi. Hakuja muuza karanga. Hata kuku hakuja.

"Leo wamekwenda wapi?" alisema Bibi. Wakashuka. Bibi akaketi gatini, maana miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. "Sekela mama, kaniulizie ndizi kwenye nyumba ile. Njaa inaniuma. Mimi nipo hapa hapa."

Sekela akaenda. Pata, pata, pata, zilisema ndala zake.

Mji ulikuwa kimya. Milango imefungwa. Madirisha yamefungwa. Chini ya kila mlango, mtu amesokomeza kanga. Mchana kweupe!

Mpira ulikuwa barabarani, peke yake. Hakukuwa na mtu wa kuupiga.

"Hodi!" alisema Sekela.

Kimya.

"Hodi, hodi!"

Kimya.

Sekela hakupenda hata kidogo. Ukisema hodi, mtu husema karibu. Ndivyo ilivyo.

Nyiii... Dirisha likafunguka kidogo. Jicho moja likachungulia.

"Kungu anakuja," sauti ikanong'ona. "Funga mdomo!"

Pa! Dirisha likafungwa.

Kungu? Kungu ni nani? Ni mkubwa? Ana meno?

Sekela akageuka. Juu ya ziwa kulikuwa na moshi. Moshi mweusi, mrefu kama mlima. Lakini hapakuwa na moto.

Na moshi ulikuwa unatembea.

Ulikuwa unakwenda gatini. Na gatini alikuwepo Bibi.

Nyuma ya Sekela, mlango ukafunguka. Msichana akasimama pale, amebana midomo. Akampungia mkono: ingia, ingia! "Mmm! Mmm!"

Sekela alitaka kuingia. Alitaka sana! Lakini Bibi hawezi kukimbia. Na Bibi hajui kwamba Kungu anakuja.

Sekela akakimbia kwa Bibi. Pata, pata, pata, pata!

Moshi ukafika kwanza. Jua likapotea. Gati likapotea. Bibi akapotea.

Kitu kidogo kikamgusa Sekela shavuni. Kingine kikamgusa sikioni. Kingine, na kingine, na kingine. Sssss.

Akafungua mdomo. "Bi..." Lo! Kimoja kikaingia. Ptu!

Funga mdomo, Sekela!

Sasa atamwitaje Bibi? Aliogopa. Hata mimi ningeogopa.

Sekela akabana midomo. Akafumba macho. Wimbo ukatokea puani.

Mmm, mmm, mmmmm.

Kimya. Sssss, kwenye nywele zake.

Mmm, mmm, mmmmm.

Na huko mbele, ndani ya giza, kitu kikaitika.

Mmm, mmm, mmmmm.

Je, ni Bibi? Au ni Kungu?

Sekela akapiga hatua moja. Mmm. Kikaitika. Mmm. Akapiga hatua nyingine.

Mkono ukamshika!

Ulikuwa mkono wenye joto. Ulinukia tangawizi. Mkono wa Bibi!

Bibi akamfunika kwa kitenge chake. Wakakaa humo ndani, wawili, wamekumbatiana. Nje, Kungu alipita. Sssss. Ndani, wao waliimba. Mmm, mmm, mmmmm.

Jua likarudi kidogo kidogo. Halafu, nyiii, nyiii, nyiii! Milango yote ikafunguka. Watu wakatoka na sufuria zilizopakwa mafuta. Wakazizungusha hewani, huku na huku.

Yule msichana akaja mbio. Jina lake lilikuwa Subilaga. Akamwonyesha Sekela sufuria yake.

"Kungu huyu hapa," alisema.

Sekela akachungulia. Ndani kulikuwa na vidudu vya ziwani, vidogo kama punje za ulezi. Vimenata kwenye mafuta, vingi, vingi, vingi.

"Anang'ata?" aliuliza Sekela.

"Hang'ati. Ila anaingia mdomoni bila hodi! Ndiyo maana hatukuweza kusema karibu." Subilaga akacheka. "Karibu sasa! Shikamoo, Bibi. Karibuni nyumbani!"

Mama yake Subilaga alivikandamiza vidudu vile, akatengeneza vitumbua vyeusi. Akavikaanga. Chaaa! Vilinukia kama dagaa.

Bibi alikula viwili, na ndizi juu yake. Sekela alikula kimoja. Alikitazama kwanza. Kisha akafungua mdomo, aaaa, na Kungu akaingia kwa ruhusa.

Puuuuu! Meli ikaita. Watu wote wa Nsole wakaja gatini kuwapungia mikono. Hata kuku alikuja.

Jioni, Sekela na Bibi walilala ndani ya meli, chini ya kitenge kimoja. Bibi alikuwa amechoka sana. Basi leo Sekela ndiye aliyemwimbia.

Mmm, mmm, mmmmm.

Bibi hakuitika. Alikuwa ameshalala, hoi.

Lakini mbali, kule ziwani, kitu kikaitika taratibu.

Mmm, mmm, mmmmm.

Sekela akausogelea mkono wa Bibi, akaushika.

"Usiku mwema, Kungu," alinong'ona.

Kisha akafunga mdomo, akalala.