Magurudumu ya Gari la Gasto

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Bibi Magdalena aliamka mapema, akaoga na kuvaa kitenge chake kizuri. Ilikuwa siku yake ya kliniki ya kisukari mjini Singida. Mwanawe Damiani, mkulima wa alizeti wa Iguguno, ndiye aliyempeleka. Nyumba yao ilikuwa kilomita tatu kutoka barabara ya lami, na njia ya kufika huko ilikuwa mawe matupu.

Gari lao halikuwa gari la mkulima hata kidogo. Lilikuwa gari la michezo, jekundu, la milango miwili, na tumbo lake lilikuwa karibu kugusa ardhi. Mwenyewe alikuwa Gasto, mdogo wake Damiani. Gasto alifanya kazi Dar es Salaam mpaka ugonjwa wa figo ulipomrudisha nyumbani, akafa. Baada ya matanga ndugu walitaka gari liuzwe. Mama alikataa katakata.

"Mwanangu yuko kaburini," alisema. "Nimebaki na gari lake. Mnataka na hilo nalo liondoke?"

Nani angembishia? Gari likabaki.

Shida ikawa yale mawe. Kila safari tumbo la gari lilikwaruza, na kila lilipokwaruza mama alishika kifua, kana kwamba anapigwa mtoto wake. Damiani akachoka kumwona hivyo. Akaenda gereji moja mjini.

"Hilo dogo, kaka," alisema kijana wa gereji. "Tunakuwekea rimu kubwa na matairi mapana. Gari litanyanyuka, na litapendeza."

Rimu mpya ziligusa vyuma vya ndani. Kijana hakusumbuka. Aliweka spesa, yaani vipande vinene vya chuma vinavyosukuma gurudumu nje. Magurudumu ya zamani akayatupia kwenye buti.

Gari liliporudi nyumbani lilipita juu ya mawe bila kukwaruza. Bibi Magdalena alipiga kigelegele. "Gasto angeona hivi!" alisema. Damiani alifurahi sana.

Akitoka mjini alidhani mtetemo ni wa matairi mapya tu, lakini safari iliyofuata furaha yake iliishia kwenye lami. Usukani ulitetemeka mikononi. Gari lilivuta upande, likaachia, likavuta tena. Kwenye kona kitu kilisuguana chini. Mkewe, Rebeka, aliyekuwa amekaa pembeni yake, alimwambia asimame kwenye banda la pancha la mzee Simeoni. Mzee huyo aliendesha malori miaka ishirini kabla ya kufungua banda lake kando ya lami.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani kakufungia haya?"

Simeoni alichuchumaa. Alipitisha kiganja kwenye tairi, kisha kwenye madigadi, bati linalofunika gurudumu. Hakupenda alichokiona.

"Tairi limetoka nje mno," alisema. "Ukibeba ndoo ya maji karibu na kifua, unaiweza. Ukiibeba kwa mkono ulionyooka, inakuvuta. Ndivyo gurudumu hili linavyovuta usukani wako. Kila shimo utalisikia mikononi."

"Ni kutetemeka kidogo tu, mzee."

"Si kidogo. Tazama lami yetu. Malori yameichimba mifereji miwili. Tairi pana kama hili likiingia mferejini linaufuata. Wewe unakata huku, lenyewe linakwenda kule. Halafu ukikanyaga breki, pua ya gari inashuka, na tairi linasuguana na madigadi."

"Je, na mwendo?" aliuliza Rebeka.

"Nao unadanganya, mwanangu. Gurudumu kubwa linakwenda mbali zaidi kila likizunguka mara moja. Mshale ukisema themanini, mko karibu na tisini. Damiani, rudisha yale ya zamani. Leo hii."

"Nikimaliza kuvuna, mzee."

  Damiani akawasha gari.

Wiki mbili baadaye ilikuwa Jumatano ya kliniki. Damiani na mama yake walikuwa wawili tu garini. Mshale ulisema themanini. Mbele yao lori lilipunguza mwendo ghafla. Damiani alikanyaga breki. Gurudumu la kushoto lilidondoka kwenye mfereji wa malori, na usukani ukamponyoka mikononi. Aliudaka, akakata kulia. Gari lilikwenda kushoto. Lilitoka barabarani, likagonga kalavati upande wa mama.

Damiani alitoka na mchubuko wa paji la uso. Mguu wa mama ulisagika, na kwa sababu ya kisukari kidonda kilikataa kupona. Baada ya majuma matatu madaktari waliukata chini ya goti.

Gari lilipelekwa gereji kunyooshwa. Kijijini maneno yalianza kwenye msiba wa jirani, yakafika kisimani, yakafika kanisani. "Gari la marehemu hilo. Gasto hajaridhika." Wengine walisema lichomwe moto. Damiani aliyasikia, akanyamaza. Maneno hayo yalikuwa uongo, lakini yalimfaa. Alimwacha mdogo wake, ambaye hawezi kujitetea, abebe kosa lake. Hilo lilikuwa baya kuliko ajali yenyewe.

Maana mama naye aliyaamini. Aliigeuza picha ya Gasto ikatazama ukuta. Mchana alikaa kitandani na magongo yake pembeni, akisema peke yake.

"Nilimkosea nini? Nilimwogesha mwenyewe alipokuwa hawezi kusimama. Nilimlisha kwa kijiko. Leo anataka kuniua?"

Kliniki alikataa kwenda. Sukari ikapanda.

"Mama anakufa na uongo moyoni," Rebeka alimwambia mumewe. "Ulikuwepo Simeoni alipokuambia. Nami nilikuwepo. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

 Kesho yake Damiani alilifuata gari gereji, akalivuta mpaka kwa Simeoni. Safari hii hakuwa na ubishi. Mzee alizitoa zile rimu na spesa. Alimwonyesha Damiani ndani ya madigadi, mahali ambapo tairi lilisugua mpaka chuma kikang'aa.

"Unaona tundu la katikati la rimu? Ni kubwa kuliko kitovu cha gari, hiki chuma cha mviringo kinachoingia ndani yake. Rimu ilishikwa na nati peke yake. Ndiyo maana ilitetemeka."

"Kwa hiyo rimu kubwa ni mbaya zote?"

"Hapana. Mtu anaweza kubadilisha. Ila kimo chote cha gurudumu kibaki kilekile. Tundu likae sawasawa. Tairi lisitoke nje, liwe na nguvu ya kubeba uzito wa gari. Fundi akikuwekea spesa ili kulazimisha, ondoka."

Wakayafunga magurudumu ya zamani. Simeoni alikaza nati kwa kukingamisha, moja huku, nyingine ng'ambo yake. Walikwenda kilomita hamsini, wakarudi, akazikaza tena. Usukani ulitulia. Hata kwenye mifereji ya malori gari liliitika lilipoambiwa.

"Na yale mawe ya kwenu?" aliuliza Simeoni. "Gari lilale hapa kwangu. Mama mleteni kwa mkokoteni wa ng'ombe. Gari hili liliundwa kwa ajili ya lami."

Jioni ile Damiani alipiga magoti kando ya kitanda cha mama yake.

"Mama, gari halikuwa na mkosi. Magurudumu niliyofunga hayakulifaa. Mzee Simeoni aliniambia wiki mbili kabla ya ajali. Nilidharau."

Bibi Magdalena alimkazia macho.

"Kwa hiyo si Gasto?"

"Si Gasto, mama. Ni mimi."

Mama alilia kwa sauti, kama siku ile ya mazishi. Damiani alinyoosha mkono. Mama hakuushika.

"Nipe picha ya mdogo wako," alisema hatimaye. Akaifuta vumbi kwa pindo la kitenge. "Nisamehe, baba," aliiambia picha. "Mama yako alikusingizia."

Damiani alisubiri naye aambiwe neno. Hakuambiwa.

Jumatano ya kliniki Rebeka alitandika godoro kwenye mkokoteni, wakamfikisha mama kwenye lami. Alipanda gari la Gasto, akafunga mkanda, akashika mlango kwa mikono miwili. Damiani aliendesha polepole. Lori likatokea mbele, akakanyaga breki, gari likasimama moja kwa moja bila kuvuta upande. Walipolipita lile kalavati mama alifumba macho. Mbele kidogo mikono yake ikaachia mlango.

Sukari yake ilikuwa juu sana. Muuguzi aligomba, akabadilisha dawa. Alisema kidonda kimefunga vizuri, na kwamba asikose tena hata mwezi mmoja.

Wakiwa njiani kurudi, Damiani alishindwa kuvumilia.

"Mama, umenisamehe?"

Bibi Magdalena alikunja kadi yake ya kliniki.

"Bado," alisema. "Mwezi ujao utanileta tena."